Macho mazima, kikombe hakitambuliki: majibu ya barua zenu

Barua kadhaa za safari hii zinafanana ingawa waandishi wake hawajuani. Mgonjwa ametoka hospitali, macho yamepimwa yakakutwa mazima, lakini akiangalia kijiko hajui kwamba ni kijiko. Nyumbani maneno yanaanza: anajifanya, amerogwa, ni uzee. Tunaojibu hapa ni daktari wa ubongo na mishipa ya fahamu pamoja na mtaalamu wa tiba kwa vitendo, yaani yule anayemfundisha mgonjwa upya kuvaa, kupika na kujihudumia. Barua tumezifupisha na majina tumeyaondoa.

SWALI: Shikamooni madaktari. Mama yangu ana miaka 61 na alipata kiharusi miezi 3 iliyopita. Anaongea vizuri, anatembea. Kliniki ya macho wamesema macho hayana tatizo na miwani haitamsaidia. Lakini nikimwonyesha kitana anasema ni brashi, au ananyamaza. Akikishika tu anasema, "Aa, kitana." Kikombe chake cha asubuhi anakichukua bila shida, ila kwa jirani kikombe kinawekwa mbele yake na hakijui. Ndugu zangu wanasema anadeka. — Binti, Jinja

JIBU: Marahaba, binti yetu. Mama hadeki. Hilo la kitana kujulikana mara tu kinaposhikwa ndilo linalotuelekeza kwenye hali iitwayo agnosia ya kuona: macho yanapokea, ujuzi wa vitu upo, lakini njia ya kutoka kwenye macho kwenda kwenye ujuzi huo imekatika. Njia ya kutoka mkononi haijaguswa, ndiyo maana vidole vinajua kile ambacho jicho halijui.

Jicho lenyewe halitambui chochote. Hupokea mwanga na kupeleka habari hadi kisogoni, nyuma kabisa ya ubongo, ambako mistari, pembe, rangi na mwendo hushughulikiwa kila kimoja kwa upande wake. Kutoka hapo kazi husonga mbele kwa njia ya chini, kwenye uvungu wa ubongo usawa wa masikio. Huko ndiko vipande huunganishwa kuwa umbo moja, na umbo hilo likakutana na yale mtu anayoyajua: kwamba chenye mgongo na meno mengi ni cha kuchania nywele. Sehemu hizo hulishwa zaidi na mishipa miwili ya damu ya nyuma ya ubongo, mmoja kila upande. Bonge la damu likiziba huko, mara nyingi mkono haulegei wala mdomo haupindi. Mgonjwa anatembea, anasalimia wageni, na watu wanashukuru kwamba kiharusi kimempitia mbali.

Daktari Mjerumani Heinrich Lissauer alieleza mwaka 1890 kwamba kushindwa huku kuna ngazi mbili, na mgawo wake bado tunautumia. Katika ngazi ya kwanza umbo lenyewe halijengeki: mgonjwa hawezi kutofautisha mraba na mstatili, na ukimwambia anakili mchoro wa kikombe anachora mistari isiyokutana. Katika ya pili umbo linajengeka. Ananakili kikombe pamoja na kishikio chake, kisha anakuuliza amechora nini. Katikati wapo wanaoona vipande bila kuviunganisha. Mgonjwa mmoja wa Uingereza, aliyechunguzwa kwa miaka na wanasaikolojia Glyn Humphreys na Jane Riddoch, alionyeshwa picha ya karoti akaeleza kwamba chini kuna kitu kigumu chenye ncha na juu kuna manyoyamanyoya, basi labda ni aina ya brashi. Alichokiona kilikuwa sahihi, ila vipande havikuwa karoti. Kwa mtu kama huyo kivuli cheusi cha kitu huweza kuwa rahisi kuliko mchoro wenye mapambo, kwa sababu kila mstari wa ziada ni kipande kingine cha kuunganisha.

Sasa hilo la kikombe cha asubuhi, ambalo naamini ndilo linalowaudhi ndugu zako. Kikombe chake kiko mahali pale pale, rangi ile ile, saa ile ile, na mvuke wa chai unatoka. Mama anakijua kwa mahali, rangi na harufu. Kwa jirani dalili hizo zote hazipo, limebaki umbo peke yake, na umbo ndilo lililompotea. Kufaulu leo na kushindwa kesho ni sehemu ya ugonjwa wenyewe.

Fanyeni jaribio hili nyumbani kabla ya kurudi kwa daktari. Litamsaidia kuliko maelezo ya mdomo. Chukueni vitu 10 vya kila siku visivyochoma wala kukata: kikombe, kijiko, kitana, funguo, simu iliyozimwa, mswaki, kiatu, ndizi, kalamu, kufuli. Fanyeni asubuhi, mwanga wa dirisha ukitokea ubavuni, bila wageni, redio imezimwa. Tandikeni kitambaa cha rangi moja. Wekeni kitu kimoja tu, umbali wa sentimeta 40 hivi, mbele ya pua yake, naye asikiguse. Mpeni sekunde 10. Kwanza aseme jina. Akishindwa, aonyeshe kwa mkono mtupu kinavyotumika. Akishindwa tena, afumbe macho na akishike, dakika nzima akitaka. Mwisho, kitu kikiwa kimefichwa, mwulizeni kwa maneno: "Kitana ni cha nini, na kina umbo gani?" Andikeni kila jibu kama alivyolisema, hata la makosa, hasa la makosa. Kati ya kitu na kitu pumzikeni nusu dakika, maana ubongo ulioumia hung'ang'ania jibu lililopita: ameona kijiko, na kufuli nalo linaitwa kijiko.

Akikosa jina lakini akaonyesha matumizi sawasawa, kama kupitisha mkono kichwani alipoona kitana, basi amekitambua na shida iko kwenye maneno. Huyo ni wa mtaalamu wa usemi. Akikosa jina na matumizi, lakini vidole vikampa jibu mara moja na maelezo ya mdomo yako sawa, hiyo ndiyo agnosia ya kuona. Akikosa hata kwa kushika, na hata kwa mdomo hajui kitana ni cha nini, ujuzi wenyewe unamomonyoka na uchunguzi unafuata njia nyingine, ikiwemo ya magonjwa ya kusahau. Mkono mmoja ukiwa na ganzi, tumieni ule mzima, la sivyo mtamhukumu kwa kosa la ngozi.

Jaribio hili huharibika kirahisi. Funguo zikilia kidogo tu, sikio limeshajibu. Ndizi ikiwa imeiva sana, pua imejibu. Anayeuliza "hiki si kikombe?" ameshampa jibu. Mkirudia vitu vile vile siku tatu mfululizo, atakuwa anachagua kutoka kwenye orodha aliyoikariri. Na kabla ya yote hakikisheni hajapoteza nusu ya upeo wa macho, jambo la kawaida sana kwenye kiharusi cha kisogoni. Kaeni mbele yake, aangalie pua yako, uchezeshe kidole kushoto kisha kulia, macho yote mawili yakiwa wazi. Asiyeona upande mmoja huacha chakula cha upande huo kwenye sahani, na hugonga miimo ya milango. Hilo si agnosia, ingawa yote mawili huweza kukaa kwa mtu mmoja.

Karatasi hiyo ipelekeni hospitali ya rufaa mkaombe kuonana na daktari wa ubongo. Jinja mnayo hospitali ya rufaa ya mkoa, na kutoka hapo wanaweza kuwaelekeza Mulago, hospitali ya rufaa ya taifa iliyoko Kampala. Ulizieni picha ya CT au MRI inayoonyesha kisogo na uvungu wa ubongo pande zote mbili, na pia mtaalamu wa tiba kwa vitendo.

SWALI: Daktari wetu ametuambia baba ana agnosia, lakini hakutuambia tuishi naye vipi. Juzi nusura anywe mafuta ya taa. — Kijana, Mbale

JIBU: Kijana, tuanze na hayo mafuta ya taa, kwa sababu ndiyo yanayoua. Nyumba nyingi mafuta hukaa kwenye chupa ya soda au ya maji. Mtu asiye na tatizo hili anatofautisha kwa kuangalia kiwango, mahali, na kile kitambaa kilichozibia mdomo wa chupa. Baba yako anaona kitu kirefu kinachong'aa, basi. Kuanzia leo mafuta ya taa, dawa ya kung'arishia nguo, dawa ya panya na ya mimea vikae ndani ya sanduku lenye kufuli, na visiingie kamwe kwenye chombo cha kunywea. Maji ya kunywa yawe kwenye jagi moja la rangi moja, mahali pamoja.

Jambo la pili halisemwi vya kutosha. Tunawafundisha wagonjwa hawa kutambua kwa mkono, na baada ya wiki kadhaa mkono unatangulia kabla ya kufikiri. Mkono huo huo utashika sufuria iliyo motoni, utapapasa kisu upande wa makali, utaingia kwenye sigiri, yaani jiko la mkaa. Kwa hiyo kila kinachochoma au kukata kiondoke kwenye njia ya mkono. Sigiri iwe chini kwenye kona, si kwenye meza anayokula. Visu na wembe vikae kwenye droo yao, na mipini izungushiwe utepe mwekundu wa plastiki. Mfundisheni kusogeza kiganja polepole kutoka juu na kusikilizia joto kabla ya kugusa kitu chochote jikoni.

Baada ya hapo, punguzeni msongamano. Beseni lililojaa vyombo vya kila aina ni fumbo kubwa kwake. Vitu viwekwe tabaka moja, kila kimoja kikiachana na mwenzake kama upana wa kiganja, juu ya sinia isiyo na maua. Chakula kipingane na sahani: posho (ugali) nyeupe kwenye sahani ya buluu au nyekundu, matoke yasikae kwenye sahani ya manjano. Mmoja wetu hupenda kuanza na sahani kwa sababu familia huona faida siku ile ile. Mtu aliyekuwa anaacha nusu ya chakula anamaliza.

Nguo: shoneni kifungo kidogo ndani ya kola kwa nyuma, akishika kifungo ajue mbele ni wapi. Mlango wa choo ufungiwe kitambaa chekundu usawa wa macho, na kitambaa hicho kisitumike popote pengine ndani ya boma. Dawa za asubuhi zifungwe mpira mmoja wa kufungia pesa, za jioni mipira miwili, lakini mtu mwingine amhesabie vidonge.

Pesa ni rahisi kuliko mnavyodhani ikiwa rangi bado anaziona, jambo mnaloweza kulipima kwa kumpa soksi azipange. Noti zetu za shilingi ya Uganda zimetofautiana: 1,000 kahawia, 2,000 buluu, 5,000 kijani, 10,000 zambarau, 20,000 nyekundu, 50,000 manjano, na urefu huongezeka kadiri thamani inavyopanda. Mwanzoni abebe aina mbili tu, 1,000 na 5,000, kila moja mfuko wake. Kama rangi nazo zimepotea, na kwa baadhi ya wagonjwa hupotea pamoja na maumbo kwa sababu maeneo hayo ni majirani, kunjeni 5,000 mara moja na 1,000 isikunjwe kabisa.

Mazoezi yawe mafupi, dakika 15 asubuhi na 15 alasiri, vitu 5 kwa wiki. Kitu kiwe mbele yake, mkono wake juu yake, macho wazi, na aseme alama zake kwa sauti: "mpini mrefu, kichwa kama bakuli dogo, kijiko." Kisha atoe mkono aangalie tena. Msimwache abahatishe, kwa sababu kosa alilolisema kwa sauti nalo linakaa kichwani; asipojua mwambieni, kisha arudie. Na chagueni vitu vyake mwenyewe. Kujifunza kijiko chake mara nyingi hakumfundishi vijiko vyote vya duniani, kwa hiyo msipoteze wiki kwa picha za tembo na ndege za kitabuni.

SWALI: Kaka yangu alilala na sigiri chumbani kwa sababu ya baridi, tukamkuta amezimia. Amepona, lakini macho yake yanatuchanganya. Hawezi kusema kitu ni nini, hata umbo halijui, lakini nikimrushia mpira anaudaka, na anapita kwenye mlango mwembamba bila kugusa. Anaona au haoni? — Dada mtu, Kabale

JIBU: Anaona kwa njia moja kati ya mbili. Kutoka kisogoni habari hugawanyika: njia ya chini huuliza "ni nini?", njia ya juu, inayopita utosini kwa nyuma, huongoza mkono na mguu. Moshi wa mkaa una gesi ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, inayoshikana na damu kwa nguvu inayozidi oksijeni mara 200 na zaidi. Ubongo ukikosa oksijeni hauumii sawasawa kila mahali, na eneo la maumbo ni mojawapo ya maeneo yanayoweza kuumia vibaya huku njia ya juu ikisalimika.

Mgonjwa anayejulikana zaidi katika somo hili aliumia hivyo hivyo. Alikuwa mwanamke wa miaka 34, na mwaka 1988 gesi hiyo ilitoka kwenye kifaa cha kupashia maji huko Italia wakati akioga. Watafiti Melvyn Goodale na David Milner walimwekea duara lenye mwanya uliogeuzwa kila upande. Akiulizwa mwanya umelala upande gani, au aigeuze kadi kwa mkono ifanane nao, alikosea hovyo. Akiambiwa aitumbukize kadi, mkono uliigeuza sawasawa njiani na kadi ikaingia. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 1991. Kaka yako akidaka mpira anafanya jambo la aina hiyo, na halitoi ushahidi wowote kwamba anadanganya anaposema hajui ni nini.

Itumieni njia hiyo iliyobaki. Badala ya kumwuliza "unaona nini?", mwambieni "chukua", na mkono utakapofika atakijua kitu kwa kukigusa. Ila kuna sharti moja: mkono hauwezi kujua mpini wa panga uko upande gani kama macho hayajui kwamba ni panga.

Kuna tahadhari ambayo wengi hawaambiwi. Baada ya gesi hii mtu huweza kuamka vizuri, kisha kati ya siku chache na wiki 6 hivi akaanza kupotea: anasahau, anatembea kama mlevi, anajikojolea. Likitokea, rudini hospitali siku hiyo hiyo. Na kwa wote wa milimani: sigiri isilale chumbani, hata kama mkaa umeshakuwa mwekundu bila moshi, kwa kuwa mkaa usiotoa moshi bado unatoa gesi. Ukimkuta mtu amezimia, mtoe nje kwanza, halafu hospitali apewe oksijeni safi kwa barakoa. Kwa hewa ya kawaida gesi huchukua saa 4 hadi 6 kupungua nusu. Kwa oksijeni safi ni kama saa 1 hadi 1 na nusu. Kile kifaa cha kubana kidoleni cha kupimia oksijeni kisiwadanganye. Husoma damu iliyojaa kaboni monoksidi kana kwamba imejaa oksijeni, na namba inatoka nzuri wakati mgonjwa anakufa.

SWALI: Mume wangu alianguka na boda boda akaumia kichwa. Vitu vyote anavijua, pikipiki anazijua hata aina. Mimi hanijui mpaka niongee. Je, amenichukia? — Mke, Kampala

JIBU: Hapana, mama. Sura zina eneo lao kwenye uvungu wa ubongo, zaidi upande wa kulia, na likiumia mtu huona pua, macho na mdomo lakini havimwambii huyu ni nani. Daktari Mjerumani Joachim Bodamer aliipa hali hii jina mwaka 1947, prosopagnosia. Inawezekana pia kinyume chake: mgonjwa mmoja wa Kanada, aliyeelezwa mwaka 1997, alishindwa vitu lakini sura alizijua, kiasi kwamba mchoro wa sura iliyopangwa kwa matunda na mboga aliuona sura na hakuziona mboga.

Tena ngozi ya baadhi ya wagonjwa hawa hutoa jasho dogo la mshtuko wanapoonyeshwa sura ya mtu wao, jasho linalopimika kwa vifaa, wakati mdomo unasema "simjui". Kukujua kumebaki mahali fulani ndani yake. Wewe jitangaze kabla hajauliza: "Baba fulani, ni mimi." Vaa kitu kimoja kisichobadilika, bangili yenye mlio au kitambaa cha rangi moja. Waambie watoto na majirani wafanye hivyo hivyo, na umwonye asimpe mtu pesa wala simu kwa sababu tu amemwita kwa jina.

SWALI: Hamjambo. Mimi ni mwalimu mstaafu. Baada ya kiharusi kidogo naweza kuandika, na barua hii nimeiandika kwa mkono wangu, lakini siwezi kuisoma. Mjukuu ndiye aliyenisomea. Inawezekanaje? — Mzee, Arua

JIBU: Shikamoo Mwalimu. Daktari Mfaransa Jules Dejerine alimweleza mgonjwa wa namna yako mwaka 1892. Eneo la kuona la kushoto limeumia pamoja na daraja linalounganisha nusu mbili za ubongo kwa nyuma. Upande wa kulia unaona herufi, lakini hauna pa kupitisha habari kufika kwenye lugha, ambayo kwa watu wengi iko kushoto. Kuandika hakuhitaji daraja hilo.

Usianze na maneno mazima. Fuatisha herufi kwa ncha ya kidole juu ya karatasi, au mjukuu akuandikie kiganjani. Mwendo wa mkono utakupa herufi ambayo jicho limekunyima. Wagonjwa wengi hufikia kusoma herufi moja moja, na hapo neno refu huwa mateso. Kiswahili kina nafuu yake, kwa kuwa silabi zake ni chache na zinajirudia. Neno kama "wameniandikia" lina herufi 13, lakini ukilikata wa-me-ni-a-ndi-ki-a ni hatua 7, na "wa-me-ni" utaikuta tena na tena. Jifunze silabi kwanza, 10 kwa wiki, kwa wino mnene, herufi kubwa kama kucha ya kidole gumba. Pigia mstari mwekundu ukingo wa kulia wa ukurasa na usihame mstari mpaka uuone, kwa maana wenye tatizo hili mara nyingi hawaoni upande wa kulia na hukatiza sentensi katikati. Magazeti mwachie mjukuu au sauti ya simu kwa sasa.

SWALI: Kuna mtu anauza dawa ya kurudisha ubongo. Tununue? Na atapona lini? — Familia, Masaka

JIBU: Msinunue. Hakuna kidonge wala unga unaorudisha kutambua vitu. Pesa hizo zinunue dawa za presha, kwa sababu kinachomngoja mgonjwa wa kiharusi ni kiharusi cha pili, na cha pili kisogoni huweza kuchukua upande uliobaki na kumpofusha kabisa. Presha ishuke chini ya 140/90, na madaktari wengi hulenga 130/80. Aspirini asianzishiwe nyumbani kabla picha ya CT haijaonyesha kwamba kiharusi hakikuwa cha kuvuja damu.

Kupona kwa kawaida huenda kasi katika miezi 3 ya mwanzo, huendelea polepole hadi 6, na baada ya hapo faida kubwa hutokana na mbinu. Na mkiona mtu ghafla haoni upande mmoja, anaona viwili viwili au anayumba, hata kama mikono ina nguvu, hicho nacho kinaweza kuwa kiharusi. Msimpeleke kwenye miwani. Dawa ya kuyeyusha bonge la damu hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili kuanza, pale inapopatikana.

SWALI: Nina mwanafunzi wa miaka 7 aliyeugua malaria ya kichwani mwaka jana. Anakimbia na wenzake lakini picha za kitabu hazijui, na ubaoni anapotea. Je, ni mzito wa akili? — Mwalimu, Gulu

JIBU: Mwalimu, usimwandike hivyo bado. Malaria ya kichwani huweza kuumiza maeneo ya kuona, na mtoto akaondoka na macho mazima na ubongo unaoshindwa na vitu vingi kwa pamoja. Wengi wao hupata nafuu kadiri miezi inavyokwenda. Mpime kwa maneno: mwulize kuku analiaje, ana miguu mingapi. Akijibu vizuri kisha akashindwa picha ya kuku, akili ipo na tatizo ni kuona.

Mkalishe mbele, mbali na dirisha lenye watu wanaopita. Kata dirisha dogo kwenye kipande cha boksi, la upana wa neno moja, aliteleze juu ya ukurasa ili aone neno au picha moja tu. Ubaoni andika maneno 3 badala ya mistari 10, ukiyasoma kwa sauti. Kitu halisi kitangulie picha: ashike hindi, kisha aone mchoro wake wenye rangi, kisha usio na rangi. Mpe muda mara mbili ya wenzake, na umruhusu ajibu kwa mdomo. Angalia pia kama huwa anaduwaa ghafla, macho yameganda, haitiki kwa sekunde kadhaa; hicho kinaweza kuwa kifafa kilichoachwa na malaria, na kina dawa. Andika tarehe na saa ya kila tukio umpe mzazi aende nazo hospitali.